Meza ya Mtu Mmoja

Mwaka huo hakuna jirani aliyekuja kumenya tufaha. Miaka mingine, Oktoba ikifika, uwanja wa akina Oberholzer ulijaa wanawake tangu umande haujakauka, kila mmoja na kisu chake, sufuria kubwa ya shaba ikitokota na umbea ukimenywa pamoja na matunda. Mwaka ule wa 1851 wamenyaji walikuwa wawili tu: Fronica na wifi yake Susanna. Tufaha zilijaa mapipa sita. Sababu haikuhitaji kutajwa. Nani angependa kupika jamu kwenye nyumba ambamo mama mwenye nyumba alimtilia mumewe sumu ya panya?

"Hata Fanny Weber hakuja," Susanna alisema. "Fanny, ambaye hata harusi asiyoalikwa haimpiti!"

"Labda ana mafua."

"Mafua ya bonde zima? Wifi, usinichekeshe, nitajikata kidole."

Walikuwa wanamenya pipa la pili pale Christian, kaka yake Fronica, aliporudi kutoka mashine ya kusaga unga. Alishuka kwenye gari la farasi bila kusalimia, akatoa barua mfukoni, akaiweka juu ya maganda. Ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Fronica aliujua mwandiko, mkubwa na wa kulalia upande kama wa mtu anayeandika akiwa amesimama.

*Fronica mwanangu. Wamesema ni Ijumaa ya tarehe ishirini na nne. Sihitaji nguo wala mhubiri. Njoo Alhamisi, tule pamoja. Mama yako.*

Fronica aliisoma mara mbili, akaikunja na kuitia kwenye mfuko wa aproni.

"Utaenda kumwona," Christian alisema. "Kumwona hakuna ubaya, hata mimi ningeenda kama moyo ungekubali. Lakini kula, hapana. Umenisikia? Mwambie umeshiba."

"Nimwambie mama nimeshiba, siku moja kabla hawajamnyonga?"

"Mwambie lolote. Jumapili tuna baraza la ushirika, na Askofu Groff atatuuliza mmoja mmoja. Tumeshazikwa nusu katika bonde hili, dada. Usitumalizie udongo."

Susanna aliendelea kumenya, na ganda la tufaha lake likawa refu, halikukatika mpaka mwisho.

Kwa watu wa kanisa lile la Wamenno, Wakristo wenye kushika desturi kali za kale, aliyetengwa hapigwi wala hafukuzwi nyumbani. Haliwi naye tu. Wenzake hawaketi naye mezani, hawapokei kitu kutoka mkononi mwake, na kama ni mke, mumewe hamgusi. Leah Oberholzer alitengwa miaka tisa nyuma, kwa kosa la kwenda kwenye mkutano wa hema wa wahubiri wageni, akalia, akaimba, akabatizwa upya mtoni, kisha akakataa kusema kwamba amekosea. Nyumba nyingine zenye mtu wa namna hiyo zilikuwa na njia zao za kulegeza. Meza mbili zilisogezwa zikabaki na upenyo wa kidole katikati, kitambaa kimoja kikatandikwa juu ya zote mbili, na kila mtu akajifanya haoni. Tobias, mumewe, hakuwa mtu wa upenyo wa kidole. Alichukua mbao za mjozi, akamtengenezea mkewe meza ndogo, akaiweka karibu na jiko ikitazama ukuta. Aliipima vizuri ikatosha sahani moja, kikombe kimoja na viwiko viwili.

Na upishi je? Aliendelea kupika Leah. Alikuwa anaweka bakuli kwenye ukingo wa meza kubwa, anaondoa mkono, ndipo Tobias anachukua. Kwa hiyo walikula jasho lake mara tatu kwa siku kwa miaka tisa, ila yeye mwenyewe hawakula naye. Mimi sijui ni kichwa gani kinachoweza kuyapanga mambo hayo yakakaa sawa, lakini cha Tobias kiliweza.

Fronica alikuwa na miaka kumi na mitano mama yake alipotengwa. Alikuwa bado hajabatizwa, na asiyebatizwa hafungwi na sheria hiyo, kwa hiyo miaka miwili alikula kwenye kona ya meza ile ya mjozi, goti lake likigusana na la mama yake. Leah alikuwa anachomoa vipande vya nyama kutoka sahani yake mwenyewe kuvitia kwenye ya Fronica, na Fronica anavirudisha, wakacheka chini chini kama wanafunzi. Alipofika kumi na saba akabatizwa. Jumapili ile ile, mchana, alisimama na sahani yake akahamia meza kubwa. Ilikuwa hatua tano. Leah hakugeuza kichwa.

Miaka saba baadaye, mwezi wa Februari, Anni wa Christian, mtoto wa miaka mitatu, alichukua mkate wake akaenda kuketi miguuni pa bibi yake. Tobias aliinuka, akamnyanyua mtoto kwa mkono mmoja, akamrudisha.

"Pale hapaliwi na watu," alimwambia.

Asubuhi ya Jumatatu iliyofuata Leah alivunjavunja mkate ndani ya kahawa ya maziwa, kama Tobias alivyopenda, akatia sukari, akatia na ile sumu iliyonunuliwa kwa ajili ya panya wa ghalani. Tobias alikufa baada ya siku tatu.

Mahakamani, Fronica aliulizwa na wakili wa serikali: "Mama yako aliketi meza moja na baba yako asubuhi hiyo?"

"Hapana."

"Alionja chakula alichompa?"

"Hapana."

Wale kumi na wawili waliokuwa wakiamua kesi, Waingereza watupu (ndivyo watu wa bonde walivyomwita kila asiye wa kwao), wakatazamana. Mwanamke anayempikia mumewe halafu anakaa mbali na chungu! Wakili wa Leah alikuwa kijana wa mjini ambaye hakuwahi kukanyaga bondeni, na hakuwa na swali. Fronica alikuwa amefundishwa tangu utotoni kujibu ndiyo au hapana na kufunga mdomo. Akaufunga, akashuka kizimbani. Katika mabenchi ya nyuma walikuwepo watu ishirini wa kanisa, na kila mmoja wao alijua kwa nini Leah hakuketi meza ile. Wote walikuwa wakitazama kofia zao.

Jumatano jioni Askofu Menno Groff alifika. Alikuwa mzee mpole, mwenye macho mekundu ya mtu anayesoma sana, na upole wake ndio uliomfanya awe mgumu kumkatalia. Alikataa kiti kizuri, akaketi kwenye benchi la mlangoni.

"Nimesikia juu ya barua, binti yangu."

"Habari zinakimbia, Askofu. Majirani ndio hawafiki."

Christian alikohoa. Askofu akatabasamu kidogo kwa huzuni.

"Unastahili kusema hivyo. Nimewaambia waje, wanaogopa. Sikiliza, Fronica. Sijaja kukuzuia kumuaga mama yako. Nenda, mshike mkono, mwombee, lia naye. Lakini meza ni kitu kingine. Akitubu hata leo, nitapanda farasi usiku huu huu nikampokee, na wewe utakula naye nami nitakula naye. Asipotubu, ukila naye utakuwa umemwambia kwamba yuko salama. Huko ni kumpenda au kumdanganya?"

Kilichomuuma Fronica ni kwamba mzee hakuwa mjinga.

"Na nikila?"

"Baraza litaniuliza nami sitaweza kusema uongo." Askofu aliivuta kofia yake magotini. "Una miaka ishirini na nne. Huna mume. Utaishi hapa kwa kaka yako, na utakula peke yako. Labda miaka arobaini. Unajua yalivyo, umeyaona."

"Nimeyaona kutoka meza kubwa."

Mzee alipoondoka, Christian alisimama dirishani mpaka mlio wa gari ukapotea. "Mimi nitasimama na kanisa," alisema bila kugeuka. "Nina mke na mtoto. Usije ukasema hukujua."

"Sikukuuliza, kaka."

"Ndiyo maana nakwambia."

Gereza la mjini lilikuwa na harufu ya chokaa na kabichi. Bibi Quigley, mke wa mkuu wa gereza, alimpokea Fronica mlangoni akiwa na unga mpaka viwikoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Wewe ndiye Fronica! Umefanana naye paji la uso. Pita, pita. Amekuwa jikoni kwangu tangu alfajiri."

"Jikoni?"

"Sasa angepikia wapi, chumbani? Ana miezi sita anatupikia humu, mimi na mume wangu na walinzi wote. Waingereza wa nje wanashangaa, wanasema tutakufa. Nawaambia, kwanza mimi si Mwingereza, mimi Mwairishi, na pili angetaka kutumaliza angeshatumaliza. Badala yake nguo hazinitoshi!" Alicheka, kisha akakumbuka siku, akajifuta macho kwa mkono wenye unga. "Mungu anisamehe. Nenda, anakungoja."

Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo, na kasha lililogeuzwa likatandikwa taulo safi. Leah alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Alikuwa amenenepa. Hilo Fronica hakulitegemea, na likamtia uchungu ajabu, kwamba mama yake alikuwa amepata mwili mahali pale.

"Umekonda," Leah alisema. "Susanna bado anapika viazi vya kuvunjia madirisha?"

"Vimelainika kidogo."

"Mwongo wewe. Keti."

Fronica aliketi. Hakujua aanzie wapi, akaanzia kwenye tufaha: mapipa sita, wamenyaji wawili, jamu iliyoungua upande mmoja kwa kukosa wa kuikoroga. Leah alisikiliza kila neno, akauliza kama waliweka mdalasini, akatikisa kichwa aliposikia kwamba waliuweka mwanzoni.

"Mdalasini huwekwa mwishoni. Nimekwambia mara ngapi?"

"Hukuwepo, mama."

"Kweli. Sikuwepo."

Nje, uani, mtu alikuwa akipigilia misumari. Wote wawili walijua kinachojengwa, na wote wakajifanya ni banda.

"Mahakamani," Fronica alianza, "waliniuliza kama ulikaa naye meza moja. Nikasema hapana. Sikusema kwa nini. Mama, ningesema kwa nini, labda..."

"Labda wangeninyonga wakiwa wananihurumia. Acha hayo." Leah alimtazama sawasawa. "Nilimtilia, Fronica. Usije ukakaa siku moja ukajidanganya kwamba hawakunielewa. Niliichukua ile karatasi ya sumu, nikaimimina, nikakoroga."

"Kwa sababu ya Anni?"

"Kwa sababu ya Anni. Kwa sababu ya ile meza. Nimekaa humu miezi minane natafuta sababu inayotosha, sijaipata. Hakuna inayotosha. Siku ya pili alikuwa ameshika tumbo, jasho linamtoka, ninyi mmekwenda kumwita daktari. Nikamletea maji. Nikataka kuyaweka juu ya kiti kama kawaida, niondoe mkono. Akasema, 'Lete hapa, Leah.' Akakipokea kikombe mkononi mwangu. Vidole vyake vikanigusa. Miaka tisa!" Alilinyoosha taulo juu ya kasha. "Pale pale nikatamani apone. Nikamnywesha maziwa, nikamnywesha mayai mabichi, nikapiga magoti. Alikuwa ameshakwisha."

Fronica alilia. Leah hakulia. Alingoja mwanawe amalize, kama mtu anayengoja mvua ipungue ndipo atoke.

Bibi Quigley akaingia na sinia. Ilikuwa supu ya kuku na mahindi, yenye vidonge vidogo vya unga vilivyosuguliwa kwa vidole, chakula cha Jumamosi cha nyumbani. Bakuli moja kubwa na vijiko viwili. Aliitua juu ya kasha, akatoka haraka, akausindika mlango.

"Bakuli zao ni ndogo," Leah alisema kwa aibu kidogo. "Nikaomba kubwa moja. Haya, mwanangu. Karibu tule."

Fronica alichukua kijiko. Alikuwa ameshaamua tangu njiani. Maili kumi na moja alitembea akihesabu atakachopoteza: benchi la kanisani, nyimbo, meza ya kaka yake, mume ambaye hatakuja tena. Akapiga moyo konde, na alipofika mlangoni pa gereza hakuwa na shaka tena. Alichovya kijiko. Akakiinua. Mvuke ulimpiga usoni, na harufu ile ikamrudishia utoto wote kwa mara moja.

Mkono ukasimama.

Haikuwa kwa ajili ya kanisa. Askofu hakuwemo kabisa kichwani mwake wakati ule. Alimwona baba yake amejikunja kitandani kama mtoto, akasikia matapishi yakipiga ndoo, na mkono wake ukakataa kwenda mbele. Ulikuwa muda mfupi sana, wa kuvuta pumzi moja na kuitoa. Aliinua macho, akakuta mama yake anamtazama, na akajua kwamba ameelewa.

Leah alichukua kijiko chake, akachota upande ule ule wa bakuli aliochota Fronica, akala. Akachota katikati, akala. Akachota chini kabisa, akala, akameza polepole ili aonekane anameza. Kisha akaweka kijiko chini, akaiweka mikono yake mapajani, akangoja.

"Mama, mimi sikuwa..."

"Kula, mwanangu. Inapoa."

Fronica alikula. Alikula mpaka bakuli likaisha, machozi yakidondokea humo, na hakujua ladha yake ilikuwaje. Leah alikuwa akivisogeza vipande vya kuku upande wa bintiye kwa ncha ya kijiko. Safari hii Fronica hakuvirudisha. Walipoagana Leah alimfunga vizuri kamba za kofia chini ya kidevu, akamwambia aende kabla giza halijaingia.

Lakini Fronica hakwenda. Bibi Quigley alimlaza kwenye benchi la jikoni, na saa nne asubuhi ya Ijumaa alikuwa amesimama nje ya ukuta, upande wa barabara, pamoja na watu wa mjini waliokuja kusikiliza maana kuona hawakuruhusiwa. Mtu mmoja alikuwa anauza karanga. Mwanamke mmoja alimwuliza Fronica kama anamjua yule mwuaji, kwa kuwa amevaa kofia ya watu wale.

"Ni mama yangu," Fronica alisema.

Mwanamke yule alisogea kando hatua mbili, na waliokuwa nyuma yake wakasogea pia, Fronica akabaki na uwazi wake peke yake ukutani. Ndipo ukasikika mshindo wa mbao, mmoja tu, na watu wakavua kofia.

Walimzika nyuma ya gereza. Makaburi ya bondeni hayakumpokea.

Jumapili kanisa lilijaa, wanaume kulia, wanawake kushoto, mabenchi yasiyo na migongo. Kabla ya ushirika wa kila msimu wa kuanguka kwa majani, Askofu Groff hupita akimuuliza kila mshiriki kama ana amani na Mungu na kanisa. Jibu ni ndiyo, na swali linahamia kwa anayefuata. Fanny Weber alijibu ndiyo. Susanna alijibu ndiyo kwa sauti ndogo. Askofu akafika kwa Fronica, na akakawia kuuliza, kwa sababu alijua.

"Dada Fronica, una amani na Mungu na kanisa?"

"Sina."

Mabenchi yakalia.

"Ulikula na aliyetengwa?"

"Nilikula."

Askofu aliinama karibu yake, na aliposema ilikuwa sauti ya baba, si ya mimbari. "Binti, neno moja tu. Sema unatubu, leo, hapa, na utabaki na sisi. Hakuna anayependa kukuona unatoka. Unatubu?"

"Natubu," Fronica alisema.

Kanisa zima lilishusha pumzi. Upande wa wanaume, Christian alifunika uso kwa mikono. Fanny Weber akanyoosha mkono kumshika bega, wa kwanza kumgusa katika bonde lile tangu Februari.

"Natubu kwamba mama yangu alinipikia, nami nikamwogopa," Fronica aliendelea. "Aliniambia karibu tule, nikasita. Nikamwacha aonje kwanza, siku yake ya mwisho, mbele ya macho yangu, kama mbwa anayeonjeshwa. Hilo natubu, na nitatubu mpaka nife. Kula nilikokula, hapana. Ningekula mara mia."

Mkono wa Fanny Weber uliondoka begani.

Askofu Groff alionekana mzee kuliko alivyokuwa Jumatano. Alirudi mbele, akashika meza kwa mikono miwili, na kwa sauti isiyofika nyuma akasema kwamba wanaokubali dada huyu atengwe wasimame.

Wanaume walisimama kwanza, na Christian kati yao. Kisha wanawake, benchi kwa benchi, sketi zikisugua mbao, Fanny Weber mmoja wa wa mbele. Fronica hakuwatazama wote. Alimtazama Susanna tu, aliyekuwa amebaki ameketi kando yake, bega kwa bega, akiyakodolea mapaja yake na kuusokota ukingo wa aproni. Kanisa lote lilikuwa limesimama, na wao wawili wameketi. Christian akageuka upande ule akamtazama mkewe.

Susanna akasimama.